Mamba Hatumwi

Ofisi ya wasaidizi wa wazee majumbani ilimwambia Victorine kwamba mzee wa Auderghem, pembeni mwa Brussels, amefiwa na mke, hana mtoto, nyonga yake imewekwa chuma, na anapenda watu wanaofika kwa wakati. Yote yalikuwa kweli. Ofisi haikusema zaidi kwa sababu haikujua zaidi.

Ilikuwa Oktoba 2009. Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, pale mji unapochoka na msitu wa Soignes unapoanza. Monsieur Constant alimfungulia mlango mwenyewe, ameegemea kigari chake cha kutembelea. Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa tram, na bado alikuwa na desturi ya kutazama nyuma kabla ya kuondoka mahali, kana kwamba kuna abiria hajamaliza kushuka.

"Asubuhi hatupigi kelele," alimwambia kwa Kifaransa. "Madame hapendi."

Victorine akaitika. Haikuwa mara ya kwanza ofisi kusema mtu ni mmoja na yeye akakuta wawili. Alichemsha kahawa, akaweka vikombe viwili mezani.

"Hiki cha nani?" aliuliza mzee.

"Cha Madame."

Mzee akakivuta kikombe upande wake. "Madame hanywi kahawa. Anakula kuku, siku ya Alhamisi. Njoo nikuonyeshe."

Nyuma ya jiko kulikuwa na mlango wa kioo, na nyuma ya mlango kulikuwa na chumba kirefu cha vioo, chenye joto kama la kwao Uvira mwezi wa tatu. Katikati palikuwa na bwawa la saruji lenye maji ya rangi ya chai. Ndani yake hapakuwa na kitu isipokuwa gome la mti lililoelea. Kisha gome likafumba jicho.

Victorine hakupiga kelele. Alikumbuka kwamba Madame hapendi. Alirudi nyuma, akapita jikoni, akapita sebuleni, akatoka nje, akaenda hadi kituo cha tram na kukaa kwenye benchi bila koti, mvua ikimnyeshea. Tram ilipofika akagundua kwamba mkoba wake, wenye tiketi na funguo za nyumba, umebaki juu ya meza ya mzee. Tram ikaondoka. Ndivyo alivyorudi. Baadaye watu wa kanisani walisema alirudi kwa ujasiri, naye hakuwasahihisha.

Alimkuta Monsieur Constant amekunywa kahawa ya vikombe vyote viwili.

"Ni aligeta," alisema mzee. "Si mamba wa kwenu. Ni binamu yake wa Amerika. Tazama pua, pana kama koleo. Akifunga mdomo huoni meno yake ya chini. Mamba wa kwenu akifunga mdomo, meno yanabaki nje."

"Nayajua," alisema Victorine.

Mzee alimweleza alivyompata. Zamani kulikuwa na sarakasi iliyokuja kupitisha majira ya baridi Anderlecht ikafia hapo hapo. Farasi walipata wenyewe, tumbili walipata wenyewe, aligeta mdogo wa urefu wa mkono akabaki ndani ya beseni. Mke wa Monsieur Constant alikuwa akitaka mbwa. Mzee hakueleza jinsi jambo moja lilivyofika kwenye jingine. Alisema tu kwamba karatasi za serikali anazo, na kwamba mke wake alikuja kumpenda Madame kuliko ambavyo angempenda mbwa, kwa kuwa hakumwaga manyoya.

Jioni, nyumbani kwao Anderlecht, Victorine alimsimulia mumewe, Tharcisse, aliyekuwa akifanya kazi kwenye bohari moja ya matairi.

"Muzungu anafuga mamba ndani ya nyumba?" aliuliza Tharcisse.

"Anaiita Madame."

"Na weye anakuita nani?"

"Victorine."

Tharcisse akalifikiria jambo hilo huku akimenya ndizi. "Donc mamba njo Madame, weye njo Victorine."

"Kesho nitaomba ofisi inipeleke kwengine."

Tharcisse hakutania tena. Alijua habari ya Priscille.

Priscille alikuwa dada mkubwa wa Victorine. Kwao kulikuwa karibu na Uvira, pale mto Ruzizi unapoingia ziwani, na maji ya nyumbani waliyachota kwenye mfereji mmoja wa mto uliozungukwa na matete. Alasiri moja Priscille alitangulia na ndoo kubwa, Victorine akifuata nyuma na ndoo ndogo. Victorine alimwona dada yake akiinama. Kisha hakumwona. Hapakuwa na kelele wala damu. Maji yalipasuka mara moja, yakajifunga, na ndoo ikabaki ikielea taratibu kama kitu kisichokuwa na haraka.

Kwao mtu hachukuliwi na mamba hivi hivi. Mamba hutumwa. Watu walikaa, wakauliza nani alikuwa na neno na familia ile, na jibu likapatikana upesi kwa kuwa lilikuwa karibu: Mama Bertin, mjane wa nyumba ya jirani, aliyekuwa amegombana na mama yao juu ya mbuzi aliyekula majani ya viazi. Nyumba yake ikachomwa moto. Mama Bertin akawachukua watoto wake, akavuka mpaka kwenda Burundi, na hakuna aliyemwona tena. Victorine, ambaye alikuwa mtoto, aliuona moshi na akaona ni haki.

Vita vilipokuja navyo vilimvusha Victorine mipaka mingi kuliko Mama Bertin. Alifika Ubelgiji, akaolewa, akazaa binti, Hadassa, akapata kanisa lao la Wakongo huko Saint-Josse, ghorofani, juu ya duka la nywele. Jumapili moja ya mwaka 2006 mchungaji alimkaribisha mgeni, fundi wa chauffage, mitambo ya kupasha nyumba joto, jina lake Bertin, mtu wa Uvira. Victorine alimtazama mara moja tu. Paji la uso lilikuwa la Mama Bertin. Tangu siku hiyo hakumsalimia. Bertin alipojitolea kuzitengeneza radieta za kanisa upande wa kulia, Victorine alihamia upande wa kushoto, akasali miaka kadhaa huku akitetemeka kwa baridi.

Kwa hiyo aliiomba ofisi impe nyumba nyingine, na ofisi ikakubali, mara tu atakapopatikana wa kushika nafasi yake. Ofisi ilitafuta kweli. Kila aliyepelekwa aliipenda nyumba ile mpaka Alhamisi ilipofika. Majira ya baridi yakapita, machipuko yakaja, Victorine akawa bado anashuka kituo kile kile.

Mwanzoni alimwambia mzee kwamba yeye atapika, atafua, atamwogesha, ila mlango wa kioo hataufungua. Mzee akakubali bila ubishi. Lakini nyonga ya chuma haikumruhusu kuinama bwawani, na Alhamisi moja karibu aanguke ndani pamoja na kuku. Victorine alimshika ukosi wa shati. Baada ya hapo akawa anashika yeye ile fimbo ndefu yenye ndoano, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kueleza ofisini jinsi mteja alivyoliwa.

Hivyo akaanza kumtazama Madame, kwanza kwa chuki, halafu kwa makini. Chuki ikitazama kila siku hugeuka makini, utake usitake.

Aliona kwamba mnyama yule hakuwa wa kukimbizana na mtu. Kazi yake ilikuwa kungoja. Mwili wote ulikaa chini ya maji. Juu vilibaki vitundu vya pua na macho mawili, kwa maana macho na pua vilikuwa vimewekwa juu kabisa ya kichwa kwa kazi hiyo. Angeweza kukaa hivyo asubuhi nzima. Kuku akifika karibu, mkia ulipiga mara moja tu, na umbali wote ukaisha. Hakutafuna. Alishika, akazama, akageuka kama mtu anayejiviringisha blanketi, mpaka kipande kikatoka. Halafu aliinua kichwa, akakimeza, akarudi kuwa gome.

Monsieur Constant alipenda kusimulia akiwa amekaa kwenye kiti chake kando ya mlango. Hakuwahi kufika Amerika, ila alikuwa amesoma kila alichokipata juu ya mabwawa ya kule. Alisema huko majira ya ukame yakija, aligeta huchimba shimo kwa pua na mkia, maji yakabaki humo. Samaki wote, kasa wote na ndege wote wenye kiu humfuata kwenye shimo lake, naye huwala mmoja mmoja, bila pupa, na walio wengi huvuka ukame salama. Korongo hujenga viota juu ya miti iliyo kwenye maji yake, ili rakuni wanaoiba mayai waogope kuogelea kuja. Kifaranga akianguka, ni wa aligeta.

"Na wanakubali?" aliuliza Victorine.

"Ndege? Kila mwaka."

Victorine aliona ni mpango kama mipango mingine aliyoiona maishani.

Mwezi wa sita ndipo alipogundua jambo. Kulikuwa na ukumbi mwembamba kando ya bwawa, nyuma ya kioo, ambako alipita kila asubuhi kwenda kuanika nguo. Kila alipopita, yale macho mawili yalikuwa kwenye pembe ile ile, yakitazama ukumbini. Alidhani Madame hukaa pale siku zote. Lakini alipochungulia wakati mwingine kupitia dirisha la jikoni, pembe ilikuwa tupu. Akabadilisha wakati, akaanika baada ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza hakuona macho. Kabla ya juma kwisha, macho yakawa yanamngoja baada ya chakula cha mchana.

Alikwenda kumwambia mzee, beseni la nguo likiwa bado mikononi.

"Ndiyo," alisema Monsieur Constant. "Amekusoma. Kule kwao hufanya vivyo hivyo. Mnyama akija kunywa mahali pamoja, wakati ule ule, siku baada ya siku, yeye huwahi kufika. Hutangulia, akazama, akangoja."

Victorine aliliweka beseni chini. Akakaa juu ya kibao cha jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini.

"Na mamba wa Afrika?"

"Huyo zaidi. Yule ni mkali kuliko Madame."

"Mtu anaweza kumtuma?"

"Kumtuma wapi?"

"Kumtuma kwa mtu. Amshike huyu, amwache yule."

Mzee alimwangalia aone kama anatania. Akaona hatanii, akavua miwani.

"Ubongo wake wote unaweza kukaa kwenye kijiko," alisema. "Mimi nimemwita kwa jina tangu mke wangu Odette alipokuwa hai. Hajawahi kuja hata mara moja."

Victorine akamsimulia habari ya Priscille. Hakuwahi kumsimulia Mbelgiji yeyote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Victorine akauliza alichokuwa hajapata mtu wa kumuuliza: kama dada yake aliumia kwa muda mrefu.

"Ni maji yanayoua, si meno," alisema Monsieur Constant. "Humzamisha kwanza. Mtu hushtuka, hukosa pumzi. Ni haraka. Sisemi hivi kukufariji. Kama ingekuwa polepole ningekuambia ni polepole."

"Najua," alisema Victorine, na kwa kuwa alijua, alilia kidogo. Kisha akaenda kuanika nguo. Macho mawili yalikuwa pale pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza ayaangalie bila kufikiri kwamba kuna mtu nyuma ya macho hayo.

Hilo ndilo lililomsumbua miezi iliyofuata. Kama hapakuwa na mtu nyuma ya mamba, basi kulikuwa na nyumba iliyochomwa bure, na Jumapili kulikuwa na mtu upande wa kulia wa kanisa ambaye alinyimwa salamu bure. Mara kadhaa alikusudia kumwendea baada ya ibada. Kila mara Bertin alikuwa anazungumza na mtu, au Victorine aliamua kwamba anazungumza na mtu.

Desemba 2010 theluji ilianguka Brussels kama vile imesahau njia ya kwenda mahali pengine. Monsieur Constant alipata homa ya mapafu, akalazwa hospitali. Ofisi ikamwambia Victorine kwamba mteja akilazwa, kazi inasimama. Lakini mzee alikuwa amemwachia ufunguo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa mteja mwingine, alipita kumtazama Madame. Alhamisi akampa kuku wake.

Ijumaa alifungua mlango wa kioo akaona pumzi yake mwenyewe hewani. Chaudière, mashine ya kupasha maji joto, ilikuwa imezimika. Maji yalikuwa ya baridi, na Madame alikuwa amelala bila kusogea kwenye pembe ya bwawa, pua tu juu. Victorine akagonga kioo. Hakuna kitu. Akampigia mzee simu wodini.

"Baridi peke yake haimuui," alisema Monsieur Constant kwa sauti nyembamba. "Huko kwao maji yakiganda, hutoa pua juu ya barafu akalala hivyo hivyo mpaka jua lirudi. Jana alikula?"

"Alikula."

Mzee akakohoa kwa muda mrefu. "Basi ni mbaya. Akiwa baridi tumbo halifanyi kazi. Kuku ataoza ndani yake. Victorine, tafuta fundi. Leo."

Victorine alisimama na simu mkononi. Ingekuwa rahisi sana kurudi kituo cha tram. Hakuna ambaye angemlaumu, na nusu ya Uvira ingempongeza. Alifikiria jambo hilo kwa uaminifu, akaona hana hamu nalo. Akaanza kupiga simu kwa mafundi.

Mafundi wote wa Brussels walikuwa kwenye chaudière za watu wengine. Mmoja alimwambia wiki ijayo, mwingine alicheka tu. Akampigia Tharcisse.

"Mama Hadassa," alisema Tharcisse, "fundi moja tu njo anaweza kuja na hii neige. Na weye unamujua."

"Hapana."

"Bon. Basi ikufe."

Victorine alikata simu, akakaa, akainuka, akampigia mke wa mchungaji kumwomba namba ya Bertin.

Bertin alifika kabla ya saa sita, theluji hadi kwenye kola, sanduku la vyombo begani. Wakasalimiana mlangoni kama watu wanaokutana benki. Victorine alimwongoza jikoni, akamfungulia mlango wa kioo, akamwonyesha chaudière kule mwisho wa chumba. Ili kuifikia ilibidi kupita ukingoni mwa bwawa.

Bertin hakupita.

"Dada Victorine," alisema. "Pale kwenye mayi ni nini?"

"Ni aligeta."

"Ni mamba."

"Ni binamu ya mamba. Ya Amerika."

Bertin akaweka sanduku chini polepole. "Tangu 2006 tuko kanisa moja. Hujanisalimia hata siku moja. Leo unaniita, na unaniita kwa mamba."

"Chauffage njo imekufa."

"Ninaona."

"Mafundi bengine bote balikatala."

"Ile nayo ninaona." Aliiangalia pua iliyokuwa juu ya maji. "Batu ya kwetu bakisikia, batasema mama alimutuma mupaka Belgique."

Hakuna aliyecheka. Nje, theluji iliteleza kutoka kwenye paa la vioo, ikaanguka kwa kishindo bustanini, na wote wawili wakaruka. Madame hakusogea.

"Iko muzima?" aliuliza Bertin.

"Muzima. Baridi imeilalisha. Pita tu, haiwezi kitu."

Alipita, mgongo ukutani, sanduku mbele yake kama ngao. Aliichunguza chaudière, akafuata bomba moja dogo mpaka lilipotoka nje ya ukuta, akarudi na habari: bomba la kutolea maji lilikuwa limeganda, mashine ikajizima yenyewe. Halikuwa jambo kubwa. Alitaka maji ya moto, mengi, ya kulimwagia.

Victorine akachemsha birika baada ya birika, akayapeleka bustanini, na Bertin akamwaga. Ilikuwa kwenye theluji hiyo, akiwa ameshika birika, ndipo Victorine aliposema.

"Mamba haitumwagi."

"Unasema?"

"Hakuna muntu anaweza kuituma. Nimeiangalia mwaka muzima. Inajua saa unapita, inakuja mbele, inakungojea. Ni ile tu. Priscille alikuwa anachota pale pale kila siku. Mamako hakuwa mo mu ile mambo."

Bertin aliendelea kumwaga. Mvuke ulimfunika uso.

"Mi nilijua," alisema. "Mama alishindwa hata kututuma sisi batoto yake kuleta chumvi. Angeweza kutuma mamba?"

"Nilikuwa mutoto. Lakini nilikomalia huku, nikakuwa muntu mukubwa, na nikaendelea kukuchukia. Nisamehe."

"Lete mayi ingine."

Victorine akaenda kuleta maji mengine. Aliporudi, Bertin alikuwa amechuchumaa, anasikiliza bomba. Kitu kilikoroma ndani ya ukuta. Wakaingia, na taa ndogo ya chaudière ilikuwa inawaka.

Bertin hakuondoka mara moja. Aligeuza ndoo, akaikalia mbali na maji, akasema anataka kuhakikisha haizimiki tena. Victorine akamletea kahawa. Radieta zilianza kugonga. Muda mrefu walikaa wakitazama pua ile, kama watu wanaokesha na mgonjwa wasiyempenda.

"Kusamehe," alisema Bertin, "mi si njo wa kusamehe. Ni yeye. Iko Bujumbura, Buyenzi. Iko muzima."

Alasiri, jicho moja la Madame lilifumbuka. Bertin akachukua sanduku lake, akasema chauffage imepona, na akatoka bila kugeuza mgongo.

Jumamosi Victorine alimpigia simu mama yake Uvira. Alimweleza yote: aligeta, ukumbi wa nguo, macho pembeni, Bertin.

"Tulijua," alisema mama yake.

"Mulijua nini?"

"Muvuvi moja alitwambia siku ile ile. Alisema ile mamba ilikuwa inalala mule mwa matete tangu siku nyingi. Tulimufukuza."

"Juu ya nini mulimufukuza, mama?"

"Mamba haina nyumba ya kuchoma, mwanangu."

Monsieur Constant alitoka hospitali mwezi wa kwanza, lakini mapafu hayakurudi kama zamani, na wakati wa machipuko alikubali kuhamia nyumba ya wazee, sio mbali na msitu. Nyumba ya wazee iliruhusu paka na ndege. Mzee aliuliza. Akapatikana mtu mwenye kituo cha wanyama watambaao upande wa Uholanzi, akaja na gari, sanduku refu na vijana wanne.

Mzee alisimamia kazi yote kutoka kwenye kiti chake. Aliwaeleza kwamba misuli inayofunga mdomo wa aligeta inaweza kuvunja mfupa, ila inayoufungua ni dhaifu, utepe tu unaizuia. Vijana walimkalia Madame, wakamshika taya, na ikawa hakuna mkono uliobaki wa kufunga utepe. Wakatazamana.

Victorine akaingia, akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akaufunga mdomo ule kwa utepe, duru baada ya duru. Ngozi chini ya kidevu ilikuwa laini, jambo ambalo hakulitarajia. Aliponyanyuka alijifuta mikono kwenye aproni.

"Au revoir, Madame," alisema Monsieur Constant.

Madame hakuonyesha dalili yoyote. Gari lilipoondoka, mzee alitazama nyuma kwanza, kisha akaomba arudishwe ndani. Victorine aliendelea kumtembelea kwenye nyumba ya wazee siku zake za mapumziko, mpaka alipofariki mwaka uliofuata.

Kanisani alihamia upande wa kulia. Yeye na Bertin hawakuwa marafiki wa kutembeleana. Walisalimiana, waliulizana habari za kazi, na mara moja moja Bertin alimuuliza, kwa sauti ya chini, kama yule wa Uholanzi hajambo.

Mwezi wa nane wa mwaka ule aliohamishwa Madame, simu ililia Victorine akiwa kwenye metro. Alikuwa mama yake. Alisema amepanda basi asubuhi, amevuka daraja la mpaka, amefika Buyenzi akiuliza nyumba kwa nyumba, na sasa amesharudi Uvira na amechoka.

Victorine alishuka kituo kisichokuwa chake ili asikie vizuri. "Ulimuona?"

"Nilimuona. Amezeeka kunipita."

"Mulisema nini?"

"Nilimwambia kwamba tulikosa. Aliniuliza kama nimekula, nikasema hapana, akapika ndagala. Tulikula. Kisha aliniuliza magoti yangu inaendeleaje."

"Na weye?"

"Nikamwambia inauma. Akasema yake nayo. Tulisema habari ya magoti mupaka basi ilikuja."

"Alikusamehe?"

"Sijui," alisema mama yake. "Mwezi ujao ananitafutia dawa."